Kwa nini tumwage umeme ilhali samaki wanaoza?

Wahenga walituusia kwamba akiba haiozi. Sidhani kama ipo methali inayorudiwa zaidi katika insha za wanafunzi wetu, nami kwa miaka mingi niliikubali pasi na kuihoji. Sasa nimelazimika kuihoji. Ipo akiba inayooza, tena kwa muda mfupi kuliko kupepesa kwa jicho, nayo ni umeme uliozalishwa pahali pasipokuwa na wa kuutumia wala chombo cha kuuhifadhia.

Jambo hili sikulisoma vitabuni. Mwaka jana nilikaa majuma matatu katika kimojawapo cha visiwa vyetu vya Ziwa Victoria, nikiwarekodi wazee wachache ambao bado wanazungumza Kisuba, lugha ambayo Kiluo kimekuwa kikiimeza kwa miongo mingi. Kisiwa hicho hakijaunganishwa na gridi ya taifa. Kina mtambo wake wa jua: safu za paneli, chumba cha betri, na nyaya zinazofika kwenye nyumba zipatazo mia moja. Siku moja, yapata saa tano na nusu mchana, nilikwenda kwa kijana anayeusimamia mtambo huo kumwomba anichajie kinasa sauti. Nilimkuta ameketi kivulini, hana kazi. Akanionyesha kioo cha mitambo: betri zilikuwa zimejaa tangu saa nne, na paneli, licha ya jua kuwaka vile, zilikuwa zikitoa chini ya nusu ya uwezo wake. Nikamwuliza kama zimeharibika. "La, mwalimu," akanijibu, "ni sisi tusiokuwa na pa kuupeleka umeme."

Hatua mia mbili kutoka hapo, ufuoni, akina mama wauzao samaki walikuwa wakiingoja boti ya barafu kutoka bara. Barafu hiyo hutengenezwa kwa umeme wa gridi ya taifa, hupakiwa magunia, huvushwa ziwani, nayo hufika imepungua kwa kuyeyuka ilhali bei yake haijapungua hata senti. Juma lililotangulia dhoruba iliizuia boti kwa siku mbili. Nilishuhudia mbuta waliovuliwa kwa jasho la usiku kucha wakiuzwa kwa bei ya kutupa, na wengine wakifukiwa mchangani kwa sababu ya harufu. Kando ya ufuo huo huo kinu cha posho kilikuwa kikinguruma kwa dizeli.

Msomaji atauliza: yawezekanaje umeme ukataliwe kilimani na dizeli inunuliwe ufuoni, katika kisiwa ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana?

Mimi si mhandisi, lakini kanuni yenyewe haihitaji shahada ya uhandisi. Ndani ya waya za umeme hamna ghala. Kinachozalishwa sharti kitumike papo hapo, na kinachotumika sharti kizalishwe papo hapo. Kipimo cha mizani hiyo ni mizunguko ya umeme, ambayo nchini mwetu ni 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi, mizunguko hushuka. Uzalishaji ukizidi, hupanda, na ikipanda kupita kiasi mitambo hujizima au huharibika. Gridi ya taifa ina mamilioni ya wateja, hivyo mtu mmoja akizima pasi yake hakuna anayetambua. Katika mtandao wa nyumba mia moja, mwenye kuchomelea vyuma akipumzika kunywa chai, mtandao mzima huhisi.

Ndiyo maana kila mtandao mdogo uliojitenga lazima uwe na njia ya kuuondoa umeme usiotakiwa. Huko Kathamba, katika Kirinyaga, wanakijiji walipata mwaka wa 2001 mtambo mdogo wa maji wa kilowati 1.1 uliohudumia nyumba 65. Maji ya kijito hayajui saa za kulala. Kwa hivyo kifaa cha elektroniki kiliwekwa kupima hali, na taa zilipozimwa kiliuelekeza umeme kwenye kipasha joto ili jenereta isije ikazunguka kwa kasi ya kujivunja. Mitambo ya jua hutumia mbinu nyingine: betri zikijaa, inveta kuu huipandisha mizunguko kidogo kwa makusudi, na hiyo huwa ishara kwa inveta za paneli kwamba zijipunguze. Hapachomwi kitu, hapasikiki kelele, na pengine hiyo ndiyo sababu hatulalamiki. Mwizi asiyevunja mlango huchelewa kugunduliwa.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha mitandao inayochanganya dizeli na upepo au jua. Jenereta ya dizeli haipendi kazi nyepesi. Ikiachwa ifanye kazi kwa muda mrefu chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake, mafuta hayaungui sawasawa, masizi hurundikana, na mashine huzeeka kabla ya wakati wake. Basi mwendeshaji huiacha dizeli ibebe angalau kiasi hicho, na upepo ukivuma kwa nguvu, upepo ndio unaofungiwa nje. Yaani tunachoma mafuta yaliyonunuliwa kwa dola na kusafirishwa kwa malori mamia ya kilomita, na papo hapo tunaukataa upepo uliojileta wenyewe mlangoni.

Wapo wanaodai kwamba ziada ni ushahidi wa hesabu mbovu. Sikubaliani nao. Anayepanga mtandao wa jua hupanga kwa kuzingatia siku mbaya, siku za mawingu mfululizo, maana wateja hawatamsamehe giza la mwezi wa mvua kwa sababu tu mwezi wa ukame taa zilimeremeta. Mtandao unaotosha wakati wa uhaba lazima ufurike wakati wa neema. Kosa halimo katika kuwapo kwa ziada. Limo katika kutokuipangia kazi tangu mwanzo.

Hapa naomba ruhusa ya kuingiza taaluma yangu, maana nadhani chanzo kimojawapo cha tatizo hili ni lugha. Sisi Wakenya tumeuita umeme "stima" kutokana na neno la Kiingereza la meli ya mvuke. Jina hilo lilitoka melini likashuka bandarini, likaingia majumbani, na hakuna aliyedhurika, kwa sababu sote tulijua tunazungumzia nini. Lakini maneno yanayohusu ziada hayajapata bahati hiyo. Kile kipasha joto cha Kathamba wahandisi hukiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya mzigo wa kutupia, na kule kujipunguza kwa paneli hukiita kwa neno lenye maana ya kupogoa. Ukishasema kitu ni cha kutupwa au cha kupogolewa, umekwisha kumwondolea msikilizaji hamu ya kuuliza ni cha nani. Ilhali katika Kiswahili ziada si taka. Mama wa sokoni akikuongezea nyanya moja juu ya fungu ulilolilipia, huitupi. Unashukuru na kuitia kikapuni.

Niliombwa na kamati ya kisiwa nisome mkataba wao na mwenye mtambo. Ulikuwa wa Kiingereza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kati ya wanakamati saba waliouwekea sahihi, wawili tu ndio waliweza kuusoma. Ziada ilitajwa mara moja, katika kifungu kinachosema kwamba mwenye mtambo hatalaumiwa kwa umeme usiozalishwa kwa sababu ya upungufu wa wateja. Nilipomfafanulia mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na ushei, kwamba maneno hayo yanahusu umeme wa ziada, alinitazama akauliza: "Ziada ya nani, mwalimu?"

Swali la mzee huyo limejibiwa kwingineko duniani, na katika mitandao isiyokuwa mikubwa kuliko wake. Katika Fair Isle, kisiwa kidogo kaskazini mwa Uskoti, watu walianza kutumia umeme wa upepo mwaka wa 1982. Kila nyumba ilipewa njia mbili za umeme: moja ya taa na vyombo, nyingine ya kupasha nyumba joto kwa bei nafuu. Njia ya pili ilikuwa na swichi zinazohisi mizunguko. Upepo ukizidi, zinajiwasha, ukipungua, zinajizima. Hakuna aliyehitaji kompyuta wala simu ya mkononi kulifanikisha hilo.

Kisiwa cha Eigg, huko huko Uskoti, kina watu wapatao mia moja. Wenyeji walikinunua kutoka kwa mwenye ardhi mwaka wa 1997, na Februari 2008 wakawasha mtandao wao wenyewe wa maji, upepo na jua. Walikubaliana kwamba hakuna nyumba itakayovuta zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, wala biashara zaidi ya kilowati 10. Umeme unaobaki hupasha joto ukumbi wa kijiji na makanisa. Nimevutiwa na mpango huo si kwa ajili ya joto, ambalo sisi tunalo la kutosha, bali kwa sababu ziada ilipewa mrithi, na mrithi huyo ni kila mtu. Hakuna jirani anayeweza kulalamika kwamba mwenzake amependelewa.

El Hierro, katika Visiwa vya Canary vya Uhispania, walichagua njia ya gharama kubwa. Tangu 2014 mitambo ya upepo yenye uwezo wa megawati 11.5 huyapandisha maji hadi bwawa lililo ndani ya kreta ya volkano, na upepo ukilala, maji huteremka na kuendesha mitambo mingine. Katika kiangazi cha 2019 kisiwa hicho kilikaa siku 24 mfululizo bila dizeli. Hata hivyo, dizeli haijaachwa kabisa huko, na ingekuwa ulaghai kulificha hilo. Aidha, kuna nyakati ambapo kuuchoma umeme ndiyo busara. Kisiwa cha King, kati ya Tasmania na bara la Australia, kina kifaa cha kuugeuza umeme kuwa joto tupu chenye uwezo wa megawati 1.5, nacho hutumika makusudi kuutuliza mtandao ili jenereta za dizeli zipate kuzimwa. Mwenye kuchoma kidogo ili aokoe kingi hakumwaga kitu.

Turudi kwetu. Mji wa Marsabit kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli pamoja na mitambo miwili ya upepo ya kilowati 275 kila mmoja. Upepo wa Marsabit si wa kutiliwa shaka. Shida ilikuwa kuyumba kwake, ambako kulizuia mtandao mdogo kuupokea wote. Mwaka wa 2015 kampuni ya ABB ilitangaza kwamba ingeweka huko kifaa cha kilowati 500 chenye gurudumu zito linalozunguka kwa kasi, linalomeza umeme upepo unapozidi na kuutapika unapopungua. Ni teknolojia ya kuheshimika. Lakini gurudumu la aina hiyo hushika umeme kwa muda mfupi sana. Huziba pengo kati ya pepo mbili zinazofuatana, haliubebi umeme wa mchana hadi usiku. Na katika kaunti iyo hiyo ya Marsabit, karibu na Loiyangalani, ilisimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, ambayo umeme wake ulivutiwa nyaya za zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mwenyeji wa Marsabit aliuona umeme huo ukipita kwenda kusini huku mji wake ukisubiri lori la dizeli.

Wala asidhani msomaji wa Nakuru au Kisumu kwamba hayo hayamhusu. Gharama ya mafuta yanayochomwa katika vituo vya dizeli vilivyojitenga hugawanywa kwa wateja wote wa nchi kupitia bili zao. Upepo unapofungiwa nje huko kaskazini, sehemu ya gharama hiyo tunailipa sote, hata kama tokeni haituambii.

Nimejaribu kupiga hesabu ya kisiwa nilichokaa, kwa ubahili wa mtu asiyetaka kuchekwa na wahandisi. Tuseme kilowati 10 hukosa kazi kwa saa tatu kila siku ya jua. Hizo ni uniti 30. Kuyagandisha maji lita moja yenye nyuzi 25 za joto kunahitaji kuondoa joto la wati-saa 120 hivi, na mashine nzima ya barafu huifanya kazi hiyo kwa umeme pungufu ya huo. Nikichukua wati-saa 100 kwa kila kilo, napata kilo 300 za barafu kwa siku, zilizotengenezwa na jua ambalo lingepotea, katika kisiwa ambacho barafu huvushwa kwa boti. Kaskazini hesabu ingekuwa ya maji. Uniti 30 hizo hizo, hata nusu yake ikipotea ndani ya pampu na mabomba, zinaweza kuinua zaidi ya lita 100,000 kutoka kisima cha mita 50. Sihitaji kumweleza mtu wa Wajir maana ya lita 100,000.

Jibu nililopewa na wenye ujuzi ni kwamba tununue betri zaidi, maana bei yake imeshuka mno katika miaka ya karibuni. Imeshuka kweli, nami siikatai. Lakini betri inayonunuliwa ili kuuhifadhi umeme wa saa tatu kali za mwezi wa Januari hukaa bure mwezi wa Aprili mawingu yanapotanda, na mteja huilipia miezi yote. Barafu na maji ni akiba ya namna nyingine. Tangi la plastiki juu ya mnara halihitaji fundi kutoka Nairobi, na sanduku la barafu lenye kuta nene hungoja kwa utulivu hadi wavuvi watie mashua majini jioni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mashine ya barafu hugharimu fedha, na siku za mawingu itakaa kimya. Nani atakubali mkopo wa kifaa kinachofanya kazi kwa hisani ya jua? Sina jibu la mkato. Najua tu kwamba kazi za ziada sharti ziwe zile zinazovumilia kusubiri. Kusaga mahindi kunaweza kungoja kesho, kujaza tangi vilevile, na wenye pikipiki za umeme wanaweza kuchaji adhuhuri badala ya usiku. Jokofu la chanjo haliwezi kungoja na halipaswi kuhesabiwa humu kamwe. Ama kuhusu hofu ya mwenye mtambo kwamba akishusha bei ya mchana wateja watahamishia matumizi yao mchana na kumpunguzia pato la jioni, hilo ndilo hasa angepaswa kuliombea. Anayepiga pasi au kupika kunde kwa sufuria ya umeme saa sita mchana hazigusi betri, na betri ndicho kitu kinachochakaa mapema na kugharimu zaidi.

Kinachokosekana ni kanuni. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la kusambaza umeme katika mipango yao ya maendeleo. Sheria ya Kawi ya 2019 imeipa mamlaka ya udhibiti uwezo wa kutoa leseni na kuidhinisha bei. Nao mradi wa umeme wa jua katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka wa 2017, ulibuniwa kwa ajili ya mitandao ya namna hii hasa. Katika leseni ya kila mtandao uliojitenga na kiwekwe kifungu kinachosema ziada inatarajiwa saa ngapi, nani wa kwanza kuipata, na kwa bei gani. Na kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa, kifungu hicho kisomwe barazani kwa Kiswahili, ambacho Katiba yenyewe inakitambua kuwa lugha rasmi, na kwa lugha ya wenyeji. Mwenye kisima cha umma angeulizwa mapema. Wauza samaki wangeulizwa mapema. Hivi sasa wanaulizwa kama wangependa taa.

Kabla sijaondoka, kamati ya kisiwa iliandika barua kwa mwenye mtambo. Waliitunga kwa Kiluo na Kiswahili wakiwa wameketi chini ya mwembe, wakabishana kwa saa mbili nzima kuhusu neno moja, kama waseme wanaomba au wanapendekeza, na mwishowe wakaandika wanapendekeza. Wanataka bei ya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri ishuke kwa nusu kwa kinu cha posho na kwa mashine ya barafu, ambayo akina mama wa ufuoni wako tayari kuichangia kupitia chama chao. Mimi nilipewa kazi ya kuitafsiri kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mkataba. Barua ilipelekwa bara kwa boti ileile inayoleta barafu. Huu ni mwezi wa tano, na jibu halijarudi.